Mama Kabiru, Aliyetaka Basi Akapewa Bwalo

Tunayemsindikiza leo, Mama Agnes Wahu Mungai, ambaye Kapseret nzima ilimwita Mama Kabiru, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Soy. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Njuguna na Mama Waiyego, waliokuwa wakulima wa mahindi. Mama yake alizoea kusema kwamba Wahu alianza kubishana kabla ya kuanza kutembea, na katika familia hii hakuna aliyewahi kuipinga habari hiyo.

Alisoma hapo hapo Soy, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1975. Alifaulu vizuri, lakini karo iliyokuwepo ilitosha mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akawa kaka yake. Jambo hilo lilimuuma, wala hakulificha. Alipopata watoto wake mwenyewe, hakukosa mkutano wa wazazi hata mmoja, na kiti cha mbele kilijulikana ni chake.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Mzee Mungai Kabiru, aliyekuwa akiuza maziwa. Walijuana kwa sababu Wahu alimlalamikia mbele ya wateja kwamba kipimo chake kilikuwa kidogo. Mzee Mungai alibadilisha kipimo, akarudi kesho yake kuuliza kama sasa kinatosha. Walihamia Kapseret na kufungua duka kando ya barabara, pale ambapo siku hizi boda boda husubiri abiria. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, duka hilo liliungua, na familia ikakaa Soy kwa muda. Waliporudi, aliyewafungulia nyumba yake walale hadi wajenge tena ni jirani yao, Priscah Jepkemboi. Tangu hapo hao wawili hawakuachana, hata walipokosana, na walikosana mara nyingi.

Mwaka wa 2013 Mama Kabiru alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha wazazi wa Shule ya Msingi ya Kapsitoti, na Priscah akawa katibu wake. Jambo la kwanza alilopendekeza lilikuwa geti. Shule jirani ilikuwa na geti lenye nguzo na paa, na yeye hakuona kwa nini Kapsitoti ipitwe. Wazazi walikuwa wameketi kwenye viti vya kukodi chini ya hema, soda mkononi, na wote waliinua mikono. Geti lilijengwa, likapakwa rangi, likapigwa picha. Kisha lori la mahindi ya chakula cha watoto likaja, likashindwa kupita chini ya lile paa. Dereva alishuka, akalitazama geti, akamtazama Mama Kabiru. Magunia yalishushwa barabarani na watoto wakayabeba mahindi kwa ndoo huku mvua ikinyesha. Alibeba pamoja nao hadi mwisho, na usiku huo alikataa kula.

Kutokana na aibu hiyo alileta sheria ambayo wengi wenu mnaijua kwa mgongo. Hema liliondolewa. Kabla ya kupigia kura matumizi yoyote ya pesa, wazazi walipaswa kwanza kukaa pale mtoto anapokaa. Walipobishana kuhusu paa la darasa la nne, aliitisha mkutano ndani ya darasa hilo mwezi wa Aprili, na wakaelewana upesi, wakiwa wamelowa. Walipobishana kuhusu vyoo, aliwaambia waende wavitumie. Walimlaumu sana, lakini kura ikishapigwa hivyo, hakuna aliyerudi kulalamika.

Mwaka jana yeye mwenyewe alitaka kitu kwa moyo wake wote. Mjukuu wake Vivian, aliyelelewa naye, aliimba katika kwaya ya shule. Kwaya ilikosa mashindano kwa sababu gari la kukodi halikutokea. Watoto walikaa getini na sare zao zilizopigwa pasi hadi saa sita, wakaambiwa warudi darasani. Mama Kabiru alisema shule ingenunua basi, na kwamba angepanda safari ya kwanza. Wengine walitaka bwalo la kulia chakula. Kabla kura haijapigwa, figo zilimlemea akalazwa hospitalini mjini Eldoret.

Priscah alimfuata wodini. "Sema neno moja tu, Mama Kabiru. Ukisema basi, hakuna mtu atainua mkono ya kukataa."

"Hiyo ndiyo shida," alijibu. "Geti walikubali kwa sababu ni mimi nilisema. Sasa mimi niko hapa kwa godoro, nimefunikwa blanketi. Nitajuaje huko kukoje? Endeni mkakae."

Wakaenda wakakaa. Ilikuwa Julai, na wazazi walikula githeri, mahindi na maharagwe ya shule, kwenye nyasi kama watoto wao, sahani magotini, manyunyu yakiingia kwenye chakula. Bethwel Kiplimo, aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote upande wa basi, alimaliza sahani yake, akasimama. "Hii ndiyo watoto wanakula kila siku? Mimi nimeachana na basi." Bwalo likapita.

Priscah alileta habari hizo akiogopa. Mama Kabiru alimuuliza yeye alipiga kura upande gani, na Priscah akasema ukweli, kwamba ni bwalo. Mama Kabiru alilia kidogo, maana alijua hatalipanda basi lile. Kisha akapangusa uso. "Wekeni mlango kubwa," akasema. "Nisisikie tena lori imekwama."

Bwalo lilikamilika Januari mwaka huu. Walipotaka kuliita kwa jina lake, alicheka hadi akakohoa, akauliza kwa nini apewe nyumba aliyoipinga. Ukuta ule haujaandikwa kitu mpaka leo. Alifariki tarehe 9 Machi 2025, alfajiri, Mzee Mungai akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake, Mzee Mungai Kabiru. Watoto wake Antony Kabiru, Ciru na Waiyego. Wajukuu wake Vivian na Emmanuel. Kaka yake aliyesomeshwa, ambaye amemlilia kuliko sisi sote. Na Priscah Jepkemboi, ambaye familia inamhesabu kama dada.

Chakula cha leo kitakuwa bwaloni Kapsitoti. Mabenchi yalipimwa kwa miguu ya watoto, kwa hivyo wazee, magoti yatawafika kifuani. Kwaya iliyotuimbia asubuhi hii ilikuja kwa miguu kutoka shuleni, na kilima kile mnakijua. Agizo la mwisho ambalo marehemu alimwachia Priscah ni hili, na tunalisoma kama alivyolisema: "Siku yangu msikodi gari. Wazazi wote watembee na hao watoto mpaka shule, wakule, halafu ndiyo muongee habari ya basi."

Tukitoka kaburini tutatembea. Nawe, Mama Kabiru, pumzika kwa amani. Kura ya basi itapigwa tukishakula.