Mzee Kasiani Mbena na Zile Mita Mia Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Kasiani Raphael Mbena atarudisha funguo za stoo ya vifaa na kustaafu rasmi. Atakuwa amelitumikia Shirika la Kijani Mlimani, ofisi ya Morogoro, miaka thelathini na mitatu kamili, bila kuhamishwa na bila kuomba uhamisho.

Kamati ya sherehe imeikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu kwa dereva Abdulmajid wa Dumila. Sababu ni mbili. Kwanza, ndiye aliyempandisha mlimani na kumteremsha kwa miaka kumi na tisa. Pili, ni mtani wake, kwa hiyo hata akizidisha chumvi hakuna pa kumshitaki. Mwandishi huyu kabla ya kuja hapa aliendesha lori hadi Lusaka, Lubumbashi na Durban, na hakuna mpaka wa nchi usiomfahamu. Amekutana na watu wengi wanaojua njia. Anayejua mahali alipo kwa kweli, hata akishushwa gizani na mvua inanyesha, amemwona mmoja tu.

Mzee Kasiani alizaliwa Matombo mwaka 1965. Alianza kazi tarehe 1 Julai 1992 kama kibarua wa kufyekea wapimaji njia, panga mkononi na mnyororo wa kupimia begani. Baada ya miaka mitatu alikuwa anaisoma ramani vizuri kuliko wale aliokuwa anawafyekea, na waungwana wale, bila kinyongo, wakampa dira na cheo.

Mwaka 1998 ofisi ilipata kifaa chake cha kwanza cha GPS. Kilikuwa cha njano, kizito, ukubwa wa nusu mche wa sabuni, na vitufe ambavyo hata mtu mwenye matope mpaka kwenye viwiko alivibonyeza vikaitika. Kilikula betri mbili ndogo, zile za duka lolote pale Mkuyuni. Siku moja kilitumbukia Mto Ruvu, kikakaa humo tangu adhuhuri hadi alasiri. Kikaopolewa, kikafutwa kwa shati, kikaonyesha walipo. Mzee Kasiani alikiita Bi Mkubwa. Mkewe, Mama Prisca, alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye kaolewa mke wa pili, na kwamba mwenzake huwa halali nje ya begi. Bi Mkubwa alifanya kazi miaka kumi na minne.

Waliofuata, tuseme ukweli, hawakumfikia hata kwenye kisigino.

Cha mwaka 2012 kilikuwa chepesi na chenye rangi nzuri, lakini raba yake ilibanduka masika ya pili kama soli ya kiatu cha mtumba. Cha mwaka 2018 betri yake ilizibwa ndani, haitoki, kwa hiyo ikiisha juu ya mlima mnateremka wote, wewe na kifaa, mmoja kambeba mwenzake. Kisha mwaka 2023 vikaja hivi sita vya kioo cha kugusa. Wakati wa mvua, tone la maji likianguka kwenye kioo linabonyeza, lakini kidole cha Mzee Kasiani, chenye sugu la miaka thelathini, hakitambuliwi. Vilidai barua pepe na neno la siri. Vilifika mahali ambapo hata simu haishiki mtandao mpaka upande juu ya jiwe, vikasema vinataka kusasishwa kwanza. Vilimhesabia hatua, vikampima mapigo ya moyo, vikamshauri apumzike. Mapigo ya moyo wake vilikuwa navyo. Alipo ndipo vilipokuwa vinabahatisha.

Watu wasidhani mzee huyu ni mchukia mambo mapya. Simu anayo, tena kubwa, na jumbe zake za sauti kwenye kundi la ofisi zinajulikana kwa urefu. Alichokataa maisha yake yote ni kitu kipya kinachofanya kidogo kuliko kile kilichotupwa. Alipoambiwa basi atumie hiyo simu, alijibu kwamba shemeji yake akimpigia akiwa bondeni betri itaisha, atabaki na shemeji peke yake. Aliwaandikia wauzaji barua tatu kulalamika. Walijibu mara moja, kwa mstari mmoja: kifaa kikisumbua, zima, kisha washa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe amesisitiza liandikwe. Kamati iliona liachwe. Alikuja hadi kwenye gari, akashika mlango, akamwambia mwandishi kwamba likiachwa hatahudhuria sherehe yake, mle pilau wenyewe.

Agosti mwaka jana alipewa kazi ya kusimika upya bikoni, yaani zile nguzo fupi za zege za mpaka, kati ya msitu wa hifadhi na mashamba ya kijiji cha Nyamigole, juu ya Mkuyuni. Bikoni za zamani zilikuwa zimefunikwa na vichaka na nyingine zimevunjika. Namba za mahali pa kila bikoni zilitolewa kwenye ramani ya zamani ya ofisi. Hapa msomaji avumilie kidogo: ramani zetu za zamani zina namna yake ya kuhesabu, na vifaa vya GPS vinatoka kiwandani na namna nyingine. Ni lazima kifaa kiambiwe kifuate ramani ipi. Usipokiambia, namba ni ileile, lakini mahali panahama kiasi cha mita mia tatu. Bi Mkubwa aliambiwa mara moja tu, mwaka 1998, na hakusahau mpaka siku anakufa.

Asubuhi ile, ofisini, Mzee Kasiani alikiambia kifaa kipya kama ilivyo desturi yake. Saa tano, msituni, kikaganda. Akafanya walivyomwandikia wauzaji, akazima na kuwasha. Kikawaka vizuri, kioo kinang'aa, na bila kunong'ona neno kikawa kimerudia mpangilio wa kiwandani. Hakukikagua tena. Kwa siku mbili alisimika bikoni kumi na moja, akajaza fomu, akatia sahihi. Mpaka wote ulikuwa umeshuka mlima kwa mita mia tatu, na kaya kumi zilikuwa zimeamka ndani ya hifadhi.

Ofisi ikatoa siku tisini watu wahame. Haya si maneno mepesi. Mlimani ardhi hupitia kwa mama, na ukishatoka kwenye ardhi ya mama yako huna pengine pa kusema ni pako. Kati ya kaya hizo ilikuwamo ya Bibi Maimuna, mwenye mikarafuu arobaini na migomba isiyohesabika, mama wa miaka sabini na kitu. Bikoni namba saba ilisimama nyuma ya jiko lake. Nyumba upande wa hifadhi, kaburi la mama yake upande wa kijiji.

Tulipopita wiki iliyofuata, alikuwa amekaa kizingitini. Mzee Kasiani akatoa shikamoo. Haikuitikiwa. Bibi Maimuna akaelekeza kidole kwenye kile kifaa kilichoning'inia kifuani pa mzee.

“Hicho kijidude chako kimesoma shule gani, Kasiani?”

Mzee akaanza kueleza habari za satelaiti. Bibi akamkata.

“Mama alipofariki ulikuja hapa. Ulilala matanga siku tatu, ulikula wali wangu. Ulikuwa umekuja msituni?”

Mwandishi wa maneno haya amesimamishwa na askari wa nchi tano na hakuwahi kukosa jibu. Siku ile alitazama matairi. Mzee Kasiani alivua kofia, akazunguka jiko, akaanza kupanda mlima kutoka kwenye bikoni namba saba huku akihesabu hatua kwa sauti. Tulimfuata. Alipofika kama mia nne na kitu, maana hatua za mlimani ni fupi, aliinama kwenye kichaka, akafyeka, akafukua majani kwa mikono. Ile bikoni ya zamani ilikuwepo, imelala ubavu, mwaka wake bado unasomeka. Akakaa chini kando yake. Akafungua kifaa, akaingia ndani kabisa kwenye mipangilio, akaona. Hakuna aliyethubutu kufanya utani, hata mtani.

Njia rahisi ilikuwepo. Miezi kumi ilikuwa imebaki astaafu na faili lake halina hata karipio. Angeweza kusema kifaa kimeharibika, na kusingekuwa na uongo. Mkuu wetu wa ofisi, Bi Joyce, kwa nia njema kabisa, alimshauri aandike hivyohivyo na akamkumbusha kwamba barua ya kukiri kosa hukaa kwenye faili mpaka mwisho. Mzee akaandika hivi, na tunainakili kwa idhini yake: “Kifaa ni kibovu, na nimeshalalamika mara tatu. Lakini kifaa hakikutia sahihi. Niliyetia sahihi ni mimi, na sikukikagua baada ya kukiwasha. Naomba siku tisini zifutwe leo, siyo kesho.”

Zilifutwa siku ileile. Bi Joyce alipanda mwenyewe Nyamigole, na hatujui mkuu mwingine aliyewahi kupanda kule na viatu vile vya ofisini, akaisoma barua mbele ya kijiji. Kisha Mzee Kasiani akatumia siku nne na dira na utepe kutafuta bikoni za zamani, moja baada ya moja, na GPS akaitumia kama shahidi tu, akiikagua kila inapowashwa. Zile kumi na moja zikang'olewa na kubebwa mabegani hadi mahali pake. Mwandishi alibeba mbili. Wengine watasema moja. Mgongo wake unajua.

Karipio lilitoka, limo kwenye faili. Mwezi uliopita Bi Joyce aliuliza kama liondolewe, ili mzee aondoke na faili safi. Mzee akasema liachwe, atakayepewa kile kifaa baada yake alisome kabla ya kukishika. Na tangu Septemba ofisi hii ina desturi mpya ambayo haikuandikwa na mtengenezaji yeyote: kila kifaa kikiwashwa, anayekishika anausoma mpangilio kwa sauti, na mwenzake anajibu “nimesikia.” Wageni wanatucheka. Wacheke.

Kwa miaka thelathini na mitatu ya kutuonyesha tulipo, Mzee Kasiani, ofisi nzima inakushukuru, kuanzia Bi Joyce hadi mlinzi wa getini. Tunamshukuru na Mama Prisca, kwa kutuazima mumewe na kumrudisha kazini kila Jumatatu na soksi kavu. Bibi Maimuna naye ametuma salamu kwamba atahudhuria na atakaa mbele, na kwamba karafuu za pilau ni zake.

Jambo moja limebaki, nalo halimo kwenye faili. Siku ilipong'olewa bikoni namba saba, Bibi Maimuna aliitikia ile shikamoo ya wiki ile, marahaba mwanangu, kisha akaomba kitu. Alisema mashine zitaendelea kuja na zitaendelea kuwa mbovu, basi yeye aandikiwe mama yake alipo. Mzee Kasiani akavua viatu, akaenda kusimama kando ya kaburi. Akawasha kifaa, akasoma mpangilio kwa sauti, akasubiri nusu saa nzima mpaka namba zilipotulia. Akaandika kwenye karatasi tarakimu kumi na tatu kwa mkono wake, na jina la ramani inayofuatwa. Chini akaongeza: “Nimesimama hapa mwenyewe. K. R. Mbena.” Bibi hajui kusoma namba zile. Aliikunja karatasi mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kapumzike, mtani. Uwe na afya, uwe na mvua ya kiasi, na Mungu akupe miaka mingi nyumbani Matombo.