Sifuri za Mzee Wepukhulu

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba 1986. Ni miaka ishirini na miwili tangu Mzee Wepukhulu aondoke kwao Kimilili kuja kufyeka nyasi katika kambi yetu ya jeshi hapa Eldoret, na leo anastaafu. Nimeambiwa niandike mimi maneno haya ya kumuaga kwa sababu kati yetu vibarua nilifika darasa la sita. Nyasi tunafyeka sote.

Mwaka wake wa pili alikabidhiwa chombo cha kupimia mvua, kile kilicho nyuma ya gereji. Kila siku saa tatu asubuhi, Krismasi ikiwemo, aliinua chupa, akamimina maji kwenye glasi yenye alama, akaandika kitabuni. Kama hakuna maji, aliandika sifuri. Siku ya harusi yake alichelewa kanisani kwa ajili ya chupa hiyo, na mkewe, Mama Tryphosa, hajasahau. Kutokana na vitabu vyake wakubwa waliandika mpango: malori yasiende kaskazini Aprili wala Mei, kwa sababu ya matope. Ulikuwa mpango mzuri, ukafanya kazi miaka mingi.

Halafu ukaja mwaka wa 1984. Machi iliisha kavu. Aprili Mzee aliandika sifuri, sifuri, sifuri. Kaskazini ng'ombe walikuwa wakifa na watu wameanza kuelekezeana bunduki visimani. Malori ya maji na ya askari yalikuwa tayari hapa kambini, lakini yalisimama wiki tatu yakingoja matope ya kwenye mpango yaje, yaishe. Sisi wote tuliliona anga. Nani angemwambia mkubwa kwamba mpango wake ni wa miaka mingine?

Kapteni Gathogo, aliyepanga safari akiwa Nairobi, alisomewa kitabu kwa simu. Sifuri kumi na tisa, Aprili, huku kwetu Uasin Gishu! Akataka kuongea na Mzee mwenyewe.

"Mzee, wewe unalala. Hiyo chupa huinui."

"Nainua, Afande. Mimi sikuikataza mvua."

Mzee alipewa siku tatu za kuchunguzwa. Akionekana ni mvivu, afukuzwe. Askari mmoja, Stephen, akawekwa na bunduki kuilinda chupa. Tukipita tulimuuliza, "Stephen, mfungwa wako hajatoroka?" Siku ya kwanza alicheka. Siku ya tatu alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Siku ya nne Kapteni alikuja mwenyewe, akashuka garini amevaa gambuti na koti la mvua. Akatia kidole ndani ya chupa. Kilitoka na vumbi. Malori yaliondoka siku hiyo hiyo, na kwenye kisima cha kwanza walikuta makaburi sita mapya.

Kapteni alimwomba Mzee msamaha mbele yetu. Mzee akamwambia, "Afande, ulikiamini kitabu changu. Ni kile cha zamani tu."

Tangu hapo mvua haieleweki. Januari mwaka huu ilijaza chupa ikamwagika, na hiyo ni Januari! Mimi nilidhani jeshi huhesabu maadui, kumbe huhesabu na mvua, na mvua yenyewe imepotea njia. Nimejaribu kuelewa nimeshindwa. Mzee anasema hata yeye haelewi, ila chupa lazima iinuliwe.

Kuanzia kesho ni zamu yangu. Mwaka huu sitafika kwetu Krismasi. Nilimuuliza Mzee, nikiandika sifuri mwezi wa Machi, mimi kibarua, nani ataniamini? Aliendelea kufuta glasi.

Mzee, asante kwa kutofundisha mkono wako uongo, hata ulipotishwa. Nenda Kimilili, mahindi yakuzalie, na ikifika saa tatu asubuhi kaa tu unywe chai na Mama.

Jana jioni alinipa jibu. Atarudi Jumatano, tarehe 25 Machi, siku ambayo zamani mvua ilikuwa haikosi. Atafika kabla ya saa tatu, tuinue chupa pamoja, na chochote tutakachokuta atatia sahihi chini ya jina langu.