Mlinzi Mpya wa Kifurushi

Ndugu, jamaa na majirani, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, na karatasi hii ni ya familia nzima.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Kiraka, alizaliwa tarehe 9 Februari 1961, mtoto wa tatu wa mfua vyuma na mshonaji, na mama alisema hata tumboni hakutulia. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari mwaka 1980, akaenda chuo cha ufundi, ambako alikutana na kompyuta, na tangu siku hiyo hatukumpata tena mezani chakula kikiwa cha moto.

Mwaka 1989 aliajiriwa kufungasha programu, kazi ambayo sisi nyumbani ilituchukua miaka kuielewa: wenzake waliandika, yeye akapitisha maandishi yao kwenye kompaila, yaani chombo kinachoyageuza yawe amri za mashine, kisha akayafunga pamoja kuwa kifurushi kimoja, kifanye kazi kwenye kompyuta za kila aina. Basi kwa kuwa kompaila hazipatani, hii ikikubali ile inagoma, sebule yake ilijaa kompyuta kuukuu za kujaribia, hadi shemeji yetu muuguzi, waliyefunga naye ndoa tarehe 14 Agosti 1991, akawa anapokea wageni jikoni. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume ni dereva, na wa kike alimfuata baba kazini.

Ofisini alikuwa na sheria moja, kwamba anayeharibu kifurushi huandikwa jina ndani yake kuwa mlinzi wake, yaani mwenye kukitunza tangu siku hiyo, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jina la kwanza kuandikwa lilikuwa lake mwenyewe.

Tarehe 3 Machi 2023 alilazwa kwa maradhi ya figo, na kitandani aliulizia kompyuta za zahanati zinazotumia programu aliyoifunga kabla ya kuulizia dawa. Tarehe 20, binti yake, akitaka kumpunguzia baba mzigo, aliweka kompaila mpya akatuma kifurushi, nacho kikafanya kazi kwenye kompyuta mpya, lakini zile kuukuu za zahanati, zinazotunza kumbukumbu za chanjo za watoto, zikakataa hata kufungua programu. Alipomweleza baba, marehemu aligeukia ukutani. Binti alirudi sebuleni, siku tano akifunga upya kwa kompaila ya zamani, roho juu, na jioni ya tarehe 25 mashine zote zikakubali. Akatuma, akapitiwa na usingizi palepale kitini, na asubuhi tukamwamsha kwa habari za msiba, akaamini baba ameondoka na hasira.

Juzi alifungua kifurushi ili ajiandike jina, kama sheria ilivyotaka, akakuta limeshaandikwa, tarehe 25, saa tatu usiku, kwa simu ya baba kutoka wodini: "Mlinzi mpya ni binti yangu. Nimeona zote zimekubali. Sasa natulia."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupa viti na bega, na wafanyakazi wenzake mlioziacha kazi zenu mkaja.

Kaka, miaka sitini na miwili tulikuomba ukae chini. Leo pumzika kwa amani, zamu imepokelewa.