Bi Mwanapili wa Mivinjeni, Mjukuu wa Daudi Mwelisi (1946–2024)

Bi Mwanapili Hamad Daudi alizaliwa tarehe 3 Mei 1946 Mivinjeni, kitongoji cha nyumba kumi na nane baina ya Wete na Micheweni, kisiwani Pemba. Kilianzishwa na familia tatu za Kizungu kutoka Welisi, waliokuja kulima mikarafuu. Homa iliwapunguza, waliosalia wakarudi kwao, isipokuwa kijana mmoja. Alisilimu, akaitwa Daudi, akamuoa Bi Mize. Huyo ndiye babu wa marehemu.

Alihitimu chuo cha Kurani kwa Mwalim Mmanga, akasoma skuli Wete hadi mwaka 1960. Lakini habari za kitongoji alizipata kwa bibi yake, Bi Mize, wakipalilia makaburi ya wageni wale. Bibi alitaja jina mbele ya kila jiwe, Gweni, Ifani, Meredidi, na mtoto akalirudia, mpaka majina yote yakamlainika ulimini.

Mwaka 1966 aliolewa na seremala Soud Hafidh. Yeye mwenyewe alikuwa mkunga wetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mara nyingi aliota yumo katika nyumba ya mawe asiyoijua, na watu wa humo wanamkaribisha kwa jina lake. Bwana Soud alimuuliza kwa utani watu hao husema lugha gani. Alijibu kuwa ni Kipemba.

Mwaka 2011 wapimaji walikuja kupigilia vigingi vya barabara juu ya makaburi yale. Walisema ni mawe tu, hayana wenyewe. Bi Mwanapili alisimama kwenye kigingi cha kwanza, akawataja waliolala pale mmoja mmoja, wote kumi na tisa, na kitoto cha siku tatu kimo. Kisha akamwambia mkubwa wao, taratibu, “Wenyewe ndimi, mwanangu.”

Yule bwana alivua kofia. Barabara ikapindishwa.

Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi, na maneno yakaanza kumpotea. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, alimwambia bintiye Ruweida mvua inakuja, akaanue nguo. Nje jua lilikuwa kali, na nguo zilikuwa bado mbichi. Ruweida alitoka, akazianua zote. Aliporudi, mama alikuwa ameshatangulia.

Ameacha watoto wanne, Hafidh, Ruweida, Saada na Ridha, wajukuu kumi na mmoja, na Mivinjeni nzima.

Mola ampanulie kaburi lake, alale kwa utulivu. Amin.