Kikapu cha Tisa

Alasiri, upepo wa Tunduma unapoanza kutimua vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, wazee watatu huwa wameshakaa kwenye benchi la Mwasiti, muuza kahawa. Uledi Breki ni dereva mstaafu, mtu wa Pangani aliyeletwa huku na usukani akasahau kurudi. Hamis Forodha alikuwa wakala wa mizigo. Osea Mawingu, Mnyiha wa Isansa, hutabiri mvua kila siku, na mara mojamoja hupatia. Siku hiyo, mwaka 2011, Uledi alikuja na kisahani chekundu cha plastiki kilichopauka. Alikikuta darini akiziba bati lililovuja.

Wenzake walikitambua hata kabla hajakifuta vumbi. Mwaka 1993, mwalimu Nikodemo wa Mbozi Mission alipewa visahani kumi na viwili vya kurusha na mgeni wa kanisa. Akatundika vikapu tisa vya kuvunia kahawa kwenye nguzo za milingoti, pale kwenye bustani ya mji, hapa Tunduma. Unarusha, unakifuata kisahani, unarusha tena mpaka kiingie kikapuni. Wa mirusho michache ndiye mshindi. Hakuna kikapu kilichokuwa mbali zaidi ya hatua sitini, hivyo hata asiyewahi kurusha jiwe alimaliza mzunguko. Uledi wakati huo hakuwa na ndugu mji mzima. Jumapili ya kwanza walipomwita, "Breki, zamu yako," alijiona ana kwao.

Ubishi ukarudi palepale: fainali ya mwaka 1996. Uledi alikosa kikapu cha tisa akiwa hatua tatu tu, na Enesi, mke wa mwalimu, akashinda. Osea alisema ni upepo wa Zambia. Hamis alisema ni vyuma vya malori, vina sumaku. Uledi akabisha.

— Forodha, usitupige fiksi. Sumaku inavutaje plastiki?

— Kwani hiyo rangi unajua ilichanganywa na nini? Au basi ni wewe: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Osea naye hakukubali kushindwa. Alidai wiki ile mpaka ulisogezwa kimyakimya, kikapu kikabaki nusu Tanzania nusu Zambia.

— Kisahani hakikuwa na pasi ya kusafiria, ndugu zangu. Kikageuza.

Mwasiti alicheka mpaka akamwaga kahawa. Uledi alicheka nao, lakini ukweli aliujua. Mkono wake ulitetemeka kwa sababu wiki nzima alikuwa amejigamba kwamba atamshinda Enesi hata akifungwa kitambaa usoni. Jumapili iliyofuata alituma neno kwamba ana mzigo wa Lusaka. Hakuwa na mzigo. Alijifungia chumbani, akasikia shangwe za bustanini, akaona aibu kutoka. Kutokwenda Jumapili ya pili kukawa rahisi zaidi. Baadaye shangwe nazo zikapungua, zikaisha, na yeye akajiambia kwamba michezo yote huisha.

Wakiwa katika hayo, mwanamke wa makamo alisimama mbele ya benchi, akawaamkia shikamoo, wakamwitikia. Alijitambulisha kuwa Atupele, binti wa mwalimu Nikodemo. Osea akamsogezea nafasi, akamwuliza hali ya mzee. Alisema miguu imegoma, lakini akili ni nzima. Kisha akakiona kisahani, akakichukua kwa mikono miwili.

— Baba ana vingine vitatu chini ya kitanda. Ninyi hamkujua, lakini mlipoacha kuja aliendelea kuvitundika vile vikapu kila Jumapili. Alikaa kwenye jiwe mpaka jua likazama, akavishusha, akarudi nyumbani. Mwaka mzima. Anasema hakuna aliyemuaga. Mimi naomba tu kuuliza, wazee wangu: ni nani aliyeacha kwanza?

Hamis alimtazama Osea. Osea alitazama juu, lakini siku hiyo hakutaja mvua. Kila mmoja wa hao wawili alikumbuka aliyoyakuta mwenyewe: alifika akakuta watu wamepungua, naye akapungua. Mwasiti alishika birika bila kummiminia mtu.

Uledi aliinuka taratibu, akashika goti.

— Mwanangu, unarudi Mbozi leo?

— Sasa hivi, baba.

— Basi twende wote. Hilo jibu nitampa baba yako mwenyewe.