Katoni Zilizotembea Zenyewe

Nani kati yenu amekuwa akizihamisha katoni?

Msitazamane. Nimewauliza nyinyi watatu, sikuuliza ukuta. Na wewe Dereva hapo mlangoni, toa kofia usoni, mabega yako yanavyotikisika kwa kicheko nayaona hata bila miwani.

Basi kaeni, wanangu, mnitegee masikio, maana leo nitasema mara moja tu na sitarudia. Daktari amenikataza kuongea sana. Nimemwambia nimekaa kimya wiki mbili nzima na sijaona faida yake, heri niongee nichoke kwa raha. Leo ni Jumatano, siku ya oda, saa nne asubuhi, na lori linapakuliwa chini ya dirisha langu. Kama ni kuaga, basi naaga katika siku ninayoipenda. Kitinda, fungua dirisha hilo, nataka kuwasikia wapakuzi wakitaniana. Dada, nipandishie mto. Na wewe Meneja kaa vizuri, mwanaume mzima umeshika kiuno kama mjamzito wa miezi minane.

Nianze na mepesi. Nyumba hii iliyo juu ya ghala ni ya nyinyi watatu, na atakayetaka kuiuza kwanza alale humu usiku mmoja anuse harufu ya sabuni ilivyoingia hadi kwenye matofali, halafu aniambie ataipata wapi nyingine. Duka la sokoni ni la Meneja, ambaye tulianza kumwita hivyo siku aliponunua tai, na tangu siku hiyo sijawahi kuiona shingo yake. Duka la hospitali ni la Dada, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kwamba baba aliyeambiwa mkewe amejifungua haulizi aina ya beseni, anauliza beseni liko wapi. Duka la mlimani ni la Kitindamimba wangu, kule kwa wanaonusa sabuni kabla ya kuinunua. Lori ni la Dereva. Usinilie hapo, lina miaka kumi na tisa na gia ya tatu haina adabu, sijui kama nimekuachia mali au mzigo. Vitabu vyangu vya chuo kikuu mpeni yeyote atakayevisoma. Vingi vinaonyesha bidhaa ikitoka kiwandani mpaka mkononi mwa mnunuzi kwa mishale iliyonyooka, na nadhani walioviandika hawajawahi kusubiri gari lililozama kwenye matope huku dereva amezima simu ili asisemwe.

Ila daftari la oda, hili hapa chini ya mto, sitaligawa vipande vitatu. Mnalijua. Ndilo linaloamua kila Jumatano duka gani lipate nini na kiasi gani. Akilishika asiyefaa, kabla mwaka haujaisha maduka mawili yatakuwa na rafu tupu na la tatu litajaa mpaka mteja akose pa kukanyaga, kisha mtauza yote kwa yule jirani wa jengo la vioo, ambaye nimesikia ameniletea matunda ya kunipa pole. Ndani ya kikapu ameweka kadi yake ya biashara. Matunda nimekula, ni matamu. Kadi nimeifutia chai iliyomwagika.

Sasa nirudi kwenye katoni, na katoni haziendi bila ule Mwaka wa Sabuni.

Mnakumbuka kanuni niliyoibandika kwenye kila kaunta: andika ulichouza, usiandike unachoogopa. Ilitufaa miaka mingi. Halafu mashine ya kiwanda ikaharibika, na kila tulipoagiza tukapewa nusu. Hapo ndipo mlipopata akili za ziada. Dada alikuwa anauza katoni ishirini, akaandika arobaini, ili akipewa nusu apate zake. Kitinda, aliyekuwa bado ghalani akiliandikia duka la mlimani, akasikia, akaandika hamsini. Na Meneja, ambaye hajawahi kudanganya hata umri wake, akaandika sitini na kupiga mhuri juu yake. Karatasi zenu zikafika kwangu, mimi mwenye shahada ya mambo hayohayo, niliyeitunga kanuni kwa kinywa changu. Nikazijumlisha zote, nikaogopa kuliko nyinyi, nikaongeza nusu nyingine juu yake.

Ndiyo. Funga mdomo Dada, nzi ataingia.

Miaka kumi na moja nimemwambia kila mtu kwamba Kitinda ndiye aliyetufurikisha, kwa kuwa ndiye mdogo na ndiye aliyezoea kulaumiwa. Nilimtoa ghalani, nikampeleka mlimani kama mtu anayepelekwa adhabu. Mwanangu, mwandiko wa oda ile kubwa ulikuwa wangu. Niliutambua siku ileile nikakunja karatasi. Nisamehe, na uninyooshee mkono, huu wangu hauinuki vizuri leo.

Ahsante. Una mkono mzito kama wa baba yako.

Basi mashine ikapona. Afisa mauzo wa kiwanda akanipigia simu kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume: "Mama, oda zako zote ziko njiani!" Nikamuuliza, "Zote zipi?" Akasema, "Zote, Mama. Za miezi minne." Malori saba! Sabuni ilijaa ghala, ikapanda ngazi, ikaingia sebuleni, ikakaa bafuni mpaka tukawa tunaoga kiubavu. Marehemu baba yenu alitandika godoro juu ya sabuni za mche akasema mgongo wake umepona bila dawa. Paka wetu alinukia waridi, panya wakamdharau. Sijawahi kucheka na kulia katika nyumba moja kiasi kile, na nikiambiwa nichague mwaka mmoja wa kuurudia, nitauchagua huo, na sabuni zake.

Lakini kicheko hakiuzi sabuni. Nikatoa amri: katoni yoyote isitoke duka moja kwenda jingine, mzigo utoke ghalani uende dukani, basi, mpaka nikamilishe mpango. Meneja ndiye aliyeiandika amri ile kwa herufi kubwa na kuipigilia ukutani kwa misumari minne, ambapo misumari miwili ingetosha. Nami nikakaa kuandika mpango. Ulikuwa na mishale mizuri sana.

Wakati mishale yangu inakauka wino, katoni zikaanza kutembea. Kuna moja niliitia alama ya wino wa kijani na kuipeleka mlimani kwa mkono wangu. Siku ya tatu niliikuta sokoni, imefunguliwa, imebaki miche miwili. Sabuni za mche, ambazo kule mlimani wanaziona za kufulia mazulia, zilikuwa zikishuka sokoni kwa wafuaji na mama wa mabweni. Sabuni za kunukia zilipanda mlimani. Mabeseni na ndala zilizolala sokoni bila mtu kuziulizia zikaamkia hospitali, mahali ambapo mtu hukimbia na mgonjwa wake bila kiatu. Wiki tisa, wanangu, na nikaweza tena kuoga nikiwa nimenyooka.

Mnakumbuka kilichofuata. Chama cha wafanyabiashara kikanipa ngao ya Mpangaji Bora wa Mwaka. Nikasimama mbele ya watu mia mbili nikaeleza mpango wangu dakika arobaini, na mpango wenyewe ulikuwa droo ya pili, haujafika nusu ya ukurasa wa tatu. Wakanipigia makofi. Nikayapokea. Ngao ndiyo hiyo juu ya kabati. Dereva, wewe mrefu, ishushe, imenitazama vibaya muda mrefu wa kutosha. Iweke sakafuni. Geuza uso wake.

Afadhali.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Na mchezo haukuisha na sabuni. Miaka kumi na moja karatasi zinasema hivi, rafu zinasema vile, na kila mara rafu ndizo zenye haki. Mvua zilipokata barabara, maduka yetu hayakukauka. Kiwanda cha nepi kilipoacha kutuuzia, hospitali haikukosa nepi, na sikuwa nimepeleka hata moja. Ningeuliza, lakini ningeulizaje, na ngao iko juu ya kabati? Nilimbana Dereva mara moja. Akanijibu, "Mama, mimi naendesha tu, nyuma sitazami." Nikamwambia ndiyo maana taa za nyuma zimevunjika zote mbili.

Nimewapima kwa macho. Dada? Dada angekuwa yeye, asingekuja jana kunilalamikia kwamba ndala zimemwishia na wagonjwa wanaingia wodini peku. Kitinda anapenda kuvunja amri, lakini anapenda zaidi kutangaza kwamba ameivunja. Meneja simfikirii kabisa, kiuno chake hakijawahi kubeba kitu kizito kuliko kalamu. Basi nimekwama, na pumzi hizi... ngojeni.

Ngojeni kidogo.

Sikilizeni ya mwisho. Msinizike Jumatano, ni siku ya oda, watu wana kazi. Mfunge maduka nusu siku, siyo zaidi. Atakayejifungua alasiri atahitaji beseni. Asisimame mtu kuzungumza dakika arobaini. Ile kanuni ya kaunta iacheni ukutani, ni ya kweli, ila amri ya misumari minne ing'oeni leoleo. Mmoja akiwa na kingi na mwenzake hana, mhamishe, halafu muandike mlichohamisha, msimfiche mkubwa wenu kama mlivyonificha mimi, maana aliyefichwa huagiza kwa woga, na woga wangu ulijaza malori saba.

Na Mungu awape rafu zisizopungukiwa wala kuelemewa. Awape wateja wanaorudi, madereva wanaowasha simu, na mkigombana, mgombane kwa sauti, mmalize, mcheke. Mimi nimecheka sana humu ndani. Nimekula vizuri. Mmenipa... mmenipa raha, nyinyi.

Daftari hili hapa. Linakuwa zito, Dada, lishikilie upande mmoja. Ni la aliyehamisha. Sitamgombeza. Nataka tu nimjue, nifumbe macho nikijua nani yuko macho. Akinyamaza nitampa yeyote mkono wangu utakapoangukia, na huo utakuwa woga mwingine, wa mwisho...



Dereva, sasa hivi hucheki.

Nani amekohoa? Meneja? Unalegeza tai? Hakuna joto humu, mwanangu, dirisha liko wazi. Njoo. Piga magoti hapa, polepole na hicho kiuno. Midomo inacheza lakini masikio yangu yamekwisha. Sema kwa sauti, dada yako naye asikie.

"Ni mimi, Mama. Hata leo alfajiri nimehamisha. Katoni sita za ndala, ziko hospitali."