Kidude cha Ghalani

Emmah alikuwa kwenye foleni ya gari la Ruiru, steji ya Thika, simu ya mama aliyesimama nyuma yake ilipolia kwa ujumbe. "Ati mahindi yangu yamepata joto," mama akasoma, akacheka. "Uongo! Hicho kidude cha kupima joto na unyevu wa ghala, kinachonitumia ujumbe, nilikihamishia jikoni kisiibwe, na leo kimepata joto la muthokoi wa mahindi na maharagwe ulio motoni."

"Sasa mama, mahindi yenyewe yanaangaliwa na nani?" mzee mmoja akamchokoza. "Na paka." "Paka anajua unyevu?" "Anajua panya. Wewe unajua nini?"

Foleni ikaangua kicheko. Emmah, aliyemaliza chuo juzi akiamini vidude hivyo vitaokoa chakula cha watu, alicheka pia, kisha akakumbuka kwamba ghala lenyewe sasa halina kipimo. "Mlivuna mvua ikinyesha, mama?" "Ilitunyeshea kila siku. Na ndiyo chakula chetu cha mwaka mzima."

"Basi rudi uyaanike," mzee akasema, utani umempungua. "Yakishika ukungu hayaliki." "Nirudi, na mjukuu wangu anabatizwa leo Ruiru?"

Gari likafika. Mama akatia mguu mmoja ndani, wa pili ukabaki chini. "Mathe, unaenda ama unabaki?" makanga akauliza, na foleni nzima ikamgeukia kusubiri jibu.